Ufufuaji wa injini za pikipiki kuukuu

Ufufuaji wa injini kwa vipuri vya kubadilishana ni ukarabati ambao mwenye pikipiki hukabidhi kipuri kilichochakaa na kupewa cha aina ileile kilichokwisha kutengenezwa upya. Kile cha zamani hukarabatiwa kwa ajili ya mteja mwingine. Hufaa hasa kwa vipuri adimu au vinavyodai mashine ambazo gereji ya kawaida haina.

Mfano bora ni pikipiki za BMW za Munich, Ujerumani, za 1955 hadi 1969, zikiwemo R 60 na R 69 S. Injini yake ina silinda 2 zilizolala, moja kila upande, na haina filta ya oili. Uchafu hunaswa na visahani viwili vinavyozunguka pamoja na krankshafti. Vikijaa, oili haifiki kwenye beringi za konrodi nazo huharibika, na kuvisafisha hulazimu kuitoa krankshafti yenyewe. Kwa kuwa imeundwa kwa vipande vilivyoshindiliwa pamoja, kuipanga upya ni kazi ya fundi bingwa mwenye vipimo sahihi. Ndiyo maana hubadilishwa nzima.

Uboreshaji wa kawaida wa pikipiki hizi ni kuuhamisha umeme kutoka volti 6 hadi 12. Tatizo la oili lenyewe BMW waliliondoa kiwandani mwaka 1969, walipotoa R 75/5 yenye filta na krankshafti ya kipande kimoja.

Kubadilisha krankshafti hakugusi namba ya injini, iliyopigwa kwenye bodi yake. Kubadilisha injini nzima huvunja ulinganifu wa namba hiyo na namba ya fremu, jambo linaloshusha thamani ya pikipiki kwa wakusanyaji.