Wapemba wa Vanga na haki ya matibabu

Wapemba ni jamii ya wavuvi yenye asili ya kisiwa cha Pemba, iliyolowea pwani ya Kenya, Vanga ikiwemo, kwa vizazi kadhaa.

Kwa kukosa vitambulisho vya taifa, wengi hawakuweza kujisajili katika Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali (NHIF).

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Ila gharama ya kulazwa humwelemea asiye na bima.

Julai 2023, Rais William Ruto aliwakabidhi Wapemba vyeti vya uraia huko Kilifi. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyorithi NHIF Oktoba 2024, nayo hudai hati za utambulisho. Asiye nazo angali nje.