Mbilinyi, Marjorie

Mwandishi, mtafiti na mwanaharakati wa ufeministi nchini Tanzania. Alizaliwa Marekani, akahamia Tanzania katika miaka ya 1960 na kuchukua uraia wake. Kwa miaka mingi alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Ni mmoja wa waasisi wa Mtandao wa Jinsia Tanzania (TGNP), ulioanzishwa mwaka 1993. Jina lake hutajwa zaidi Dar es Salaam, lakini kazi zake zenye uzito kuliko zote zilitoka Nyanda za Juu Kusini, hasa Rungwe.

Alianza na elimu. Mwaka 1969 alitoa utafiti juu ya mitazamo ya wasichana na baba zao kuhusu shule, na mwaka 1972 akaandika kuhusu hali ya wanawake Tanzania. Wakati huo Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa, lilikuwa bado moto, na wengi waliamini kwamba ujamaa wenyewe ungemwinua mwanamke. Mbilinyi hakuukataa ujamaa. Aliuliza nani analima, nani anapika, na nani anashika fedha baada ya mavuno. Mwaka 1983 alitoa pamoja na Ophelia Mascarenhas orodha ya maandiko kuhusu wanawake wa Tanzania yenye uchambuzi ndani yake, kitabu ambacho wanafunzi wa historia wanakihitaji hata sasa.

Kazi ya Rungwe ndiyo inayostahili kusomwa kwanza. Katika makala yake ya 1988 kuhusu wake waliotoroka ndoa katika wilaya hiyo kati ya 1919 na 1961, alipekua kumbukumbu za utawala wa Kiingereza akakuta malalamiko yasiyokwisha juu ya wanawake walioondoka kwa waume zao. Wanaume walikuwa wakienda kutafuta fedha, wengine kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, wengine hadi migodi ya kusini mwa Afrika. Wanawake waliachiwa mashamba. Wengine walichoka, nao wakaondoka. Machifu na maofisa wa kikoloni, ambao hawakukubaliana kwa mengi, walikubaliana kwamba wanawake hao warudishwe, na mahakama za wenyeji zikatumika kwa kazi hiyo. Mbilinyi anaonyesha kwamba ndoa ya kulazimishwa na kazi ya kulazimishwa zilikwenda pamoja: mke aliyebaki shambani alimlisha mzee, mtoto, na pia mgodi uliomlipa mumewe ujira mdogo kwa kuwa familia yake ilijilisha yenyewe. Hoja hii ndiyo msingi wa karibu kila alichoandika baadaye. Pia inamtia mashakani anayesema kwamba mila za ndoa zilibaki vilevile tangu enzi za mababu. Sehemu ya "mila" hiyo ilikazwa barazani, mbele ya karani.

Huko Rungwe alifanya kazi pia na Rebeka Kalindile, mkulima aliyemsimulia maisha yake. Makala iliyotokana na masimulizi hayo ilichapishwa mwaka 1989, na humo Mbilinyi anajihoji mwenyewe: msomi anaposikiliza na mkulima anaposimulia, simulizi ni ya nani? Watafiti wengi wa wakati ule walilipita swali hilo kimyakimya.

Kizazi chake hakikuwa cha wasomi peke yao. Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake, Fatma Alloo na Leila Sheikh miongoni mwao, waliunda chama chao, TAMWA, na muda mfupi baadaye wakaanza jarida la Sauti ya Siti, lililopewa jina la Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. TAMWA ilipambana na ukatili na picha ya mwanamke magazetini. TGNP ilielekea zaidi kwenye sera na bajeti ya serikali. Tofauti hiyo isikuzwe mno, kwani harakati zao zilikutana mara nyingi.

Katika *Big Slavery* (1991) Mbilinyi aliandika kuhusu mashamba makubwa ya biashara na ajira ya wanawake, na mwaka 2016 akairudia historia ya mapambano ya wakulima kwa jicho la kifeministi. Msimamo wake ni kwamba kilimo cha wawekezaji wakubwa humtoa mwanamke katika ardhi na kumrudisha shambani humohumo akiwa kibarua. Hoja hiyo inapimika vizuri Chimala, wilayani Mbarali, ambako mpunga hulimwa kwa wingi katika bonde la Usangu. Mashamba ya serikali ya Mbarali na Kapunga yalibinafsishwa katika miaka ya 2000, na ardhi ya kijiji cha Kapunga ikajikuta ndani ya hati ya mwekezaji, mgogoro uliochukua miaka. Kupandikiza miche na kupalilia majaruba, kazi za kuinama kutwa, kwa sehemu kubwa hufanywa na wanawake, wengi wao katika jaruba la kukodi au la mtu mwingine.

Lawama anayostahili Mbilinyi ni moja. Sehemu kubwa ya maandiko yake imo katika majarida ya Kiingereza yaliyochapwa Ulaya na Marekani, mbali na wanawake waliompa habari. Semina za Jumatano za TGNP pale Mabibo, Dar es Salaam, ziliziba pengo hilo kwa kiasi, maana huko mjadala uliendeshwa kwa Kiswahili na mlango ulikuwa wazi kwa yeyote; kitabu kizima cha utafiti wa Rungwe kwa lugha ya wasomaji wa Tukuyu, mji wa Rungwe, ni jambo jingine.