Kupagaza na Kukokota: Istilahi za Viungio vya Matela

Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipitia Tabora, na mizigo ilisafiri mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa aghalabu frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi hiyo ilififia. Lakini neno kupagaa, yaani kuchukua begani, limebaki katika kamusi.

Twaliona neno hilo lafaa leo. Ni rahisi mfasiri kuandika kwamba kila tela hukokotwa. Kwa tela lililofungwa kwenye kulabu nyuma ya gari, ni sawa. Bali liko tela ambalo sehemu ya uzito wake huikalia ekseli ya nyuma ya gari livutalo. Hilo halikokotwi tu, limepagazwa. Dereva asiyeelezwa tofauti hiyo hupima nguvu ya kuvuta, akausahau uzito ulio juu ya ekseli.

Kiungio chake ni cha namna mbili: bamba lishikalo pini ya tela, na tufe lishikwalo na shingo iliyopinda kama ya bata bukini. Kuliita bamba hilo "gurudumu la tano" ni kumtuma fundi atafute gurudumu lisilokuwapo. Jina hilo lilitokana na duara la kugeuzia la magari ya farasi.

Twapendekeza, basi: tela la kukokotwa, tela la kupagazwa, bamba la kupagazia na tufe la kupagazia. Wapo watakaosema kupagaza ni kazi ya pepo. Wapagazi wa Unyamwezi ni ushahidi kwamba mzigo nao una haki katika neno hilo.