Ukuta wa Heshima: nani anastahili kuchorwa?

Mwaka 1967, kwenye kona ya mtaa wa 43 na Langley, kusini mwa Chicago, wachoraji Weusi wa kikundi cha OBAC walipanda ngazi wakaanza kupaka rangi ukuta wa jengo chakavu. Hawakutumwa na serikali ya jiji. Walitaka tu watu wa mtaa wawaone mashujaa wao hapohapo wanapopita kwenda dukani, bila kulipa kiingilio cha makumbusho. Wakauita Ukuta wa Heshima.

Sura zilikuwa kama 50 hivi: Malcolm X, Nina Simone, John Coltrane, W.E.B. Du Bois. Muhammad Ali naye yumo, mwaka uleule aliovuliwa ubingwa kwa kukataa kwenda jeshini. Na sisi wapenzi wa fasihi tuna mtu wetu: Gwendolyn Brooks, mshairi aliyekulia Chicago, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer, mwaka 1950. Siku ya uzinduzi alikuja akasoma shairi alilolitungia ukuta huo. Hebu fikiria: unasoma shairi lako barabarani, majirani wamekuzunguka, na ukutani umo wewe mwenyewe!

Lakini ngoja kwanza. Martin Luther King hayumo. Huyo ndiye aliyehamia Chicago mwaka 1966 kupigania makazi bora ya watu Weusi. Si kwamba walimsahau. Wakati huo vijana wengi walishachoka kuambiwa wavumilie, na orodha ilifuata hasira yao. Hata wachoraji wenyewe waligombana: sehemu ya viongozi ilipakwa rangi nyeupe, ikachorwa upya na mkono mwingine, bila ridhaa ya mchoraji wa kwanza. Kumbe heshima nayo ina siasa zake.

Mwaka 1971 jengo liliungua, baadaye likabomolewa. Rangi ikaisha, wazo likabaki. Detroit walishakuwa na Ukuta wa Hadhi tangu 1968, na miji mingine ya Marekani ikafuata.

Kwa hiyo siku ukisimama mbele ya ukuta uliochorwa watu mashuhuri wa mji fulani, usiishie kuwataja unaowajua. Uliza pia nani kaachwa, na ni nani aliyeishika ile orodha.