Ukuta wa Mzee wa Oinoanda

Juu ya milima ya kusini-magharibi ya Uturuki, katika jimbo lililoitwa zamani Lykia, yamelala magofu ya mji wa Oinoanda, na humo, mwaka 1884, wanazuoni wa Kifaransa waliyaona mawe yenye maandishi ya Kiyunani ambayo, yaliposomwa, yalidhihirika kuwa vipande vya kitabu kizima kilichochongwa ukutani. Aliyeyachongesha alikuwa Diogenes, tajiri wa mji huo katika karne ya 2 baada ya Masihi.

Kisa chake hakifahamiki ila kwa kurejea Athens, ambako yapata mwaka 306 kabla ya Masihi mwanafalsafa Epicurus, mzaliwa wa kisiwa cha Samos, alinunua bustani akasomesha humo mpaka alipofariki mwaka 270. Hakukana kuwapo kwa miungu. Alishikilia tu kwamba haishughuliki na mambo ya wanadamu, haighadhibiki wala haitoi thawabu, na kwamba roho hutawanyika pamoja na mwili, kwa hiyo hakuna akhera ya kuogopwa wala kutumainiwa. Mahasimu wake walivumisha kwamba mwenye itikadi hiyo hana budi kuwa mlafi na fasiki. Walimdhulumu. Chakula cha bustanini kilikuwa mkate na maji, na katika barua moja alimwomba rafiki yake ampelekee jibini kidogo, apate kufanya karamu siku atakayopenda. Wanawake na watumwa walikaribishwa darasani, jambo lililokuwa adimu zama zile. Na siku ya kufa kwake, hali anateswa na mawe ya figo, aliandika kwamba furaha ya kuyakumbuka mazungumzo yake na rafiki zake iliyakabili maumivu yale yote.

Miaka yapata 400 baadaye, Diogenes, naye mzee na mgonjwa, aliyekwisha kuonja utulivu wa mafundisho hayo, aliwahurumia watu aliowaona wakisumbuliwa na hofu ya miungu na ya mauti, akaazimia kuwaachia dawa ileile mahali ambapo kila mpita njia angeiona bila ya ada wala mwalimu. Ukuta wake hukadiriwa kuwa ulikuwa na urefu wa mita 80 hivi na maneno yapatayo 25,000. Aliwaandikia raia wenzake, na wageni pia, maana kwake dunia nzima ilikuwa nchi moja ya watu wote, na hata wale ambao walikuwa hawajazaliwa.

Hapo ndipo ninapouona uzuri wa jambo hili: mtu asiyetazamia malipo yoyote baada ya kaburi alitoa mali yake kwa ajili ya watu ambao asingewajua kamwe, na hao hawangeweza hata kumshukuru.

Ukuta ulibomolewa baadaye, na mawe yake yakatumika katika majengo mengine. Mwingereza Martin Ferguson Smith alianza kuyatafuta upya mwaka 1968, na mpaka sasa vimekwisha kupatikana vipande karibu 300. Sehemu kubwa ya maneno ya mzee yule haijapatikana.