Mtoto wa Kutumwa: Historia Fupi ya Kipimo cha Akili

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Robert Serpell, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Zambia, alikwenda wilaya ya Katete, mashariki mwa nchi hiyo, akiwa na swali ambalo wengi wa wenzake hawakuwa wameliuliza. Wao walizoea kuwapima watoto wa Kiafrika kwa mitihani iliyotungwa Ulaya, kisha wakaanza kutafuta sababu za alama ndogo. Serpell aliwageukia watu wazima wa Kichewa, waliowafahamu watoto hao tangu kuzaliwa. Aliwataka wafikirie shughuli fulani ya kijijini, na watoto kadhaa walio karibu. Wangemkabidhi nani? Na kwa nini huyo, si yule?

Katika majibu yao lilijirudia neno nzelu, ambalo kwa haraka tungelitafsiri kuwa akili. Lakini nzelu ina pande mbili. Upo upande wa kuchenjela, yaani wepesi wa kuelewa na kung'amua. Upo pia upande wa kutumikila, yaani kuwa mtu wa kuaminika anapotumwa. Mwenye upande wa kwanza peke yake hakuhesabiwa kuwa na nzelu kamili. Huyo ni mjanja tu, na ujanja waweza kumwangusha yeye na wenziwe. Serpell alipolinganisha maoni ya wazee na alama za watoto katika vipimo vya kisaikolojia, mambo mawili hayo hayakwenda sambamba. Aliyesifiwa kijijini hakuwa lazima ndiye aliyeng'ara mbele ya mtahini.

Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa. Kutumikila ni ndugu wa damu wa kutumikia, na katika shina hilohilo lugha yetu imewaweka pamoja mtume, mtumishi na mtumwa: aliyepewa amana kubwa kuliko wote na aliyenyang'anywa hiari kuliko wote. Hadithi zetu nazo zaijua tofauti waliyoieleza Wachewa. Sungura ana werevu wa kumshinda simba na fisi kwa siku moja, lakini sijapata kusikia mzazi anayetamani kumtuma sungura dukani.

Kipimo kilichowatangulia watafiti barani Afrika kilizaliwa Paris mwaka 1905, pale Alfred Binet na Théodore Simon walipotunga maswali ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni. Kilikuwa chombo cha shule, kwa haja ya shule. Miaka kadhaa baadaye kijana wa Uswisi, Jean Piaget, alifanya kazi mjini humo na Simon, akavutiwa zaidi na majibu yaliyokosewa kuliko yaliyo sahihi, kwa kuwa makosa ya watoto yalikuwa na mantiki yake. Mwaka 1932 alitoa kitabu kuhusu jinsi mtoto anavyopambanua jema na baya. Alikuwa amekaa na watoto wa Geneva na Neuchâtel, akiwauliza juu ya mchezo wa gololi: kanuni hizi zimetoka wapi, na je, zaweza kubadilishwa? Wadogo waliziona kanuni kuwa kitu kitakatifu kilichoshuka kutoka kwa wakubwa, ijapokuwa wenyewe walicheza kila mmoja apendavyo. Waliokaribia miaka 10 na zaidi walijua kwamba kanuni ni makubaliano, na wote wakiridhia hubadilika.

Ni kazi nzuri, na bado inasomeka kwa raha. Lakini Piaget aliondoka hapo na hitimisho zito: kwamba uadilifu wa kweli hukomaa miongoni mwa watoto walio sawa, na kwamba amri ya mkubwa humbakiza mtoto katika utii usio na fikra. Hapa ndipo wazee wa Katete wangetikisa vichwa. Piaget aliitazama amri, hakuitazama safari. Mtoto anayetumwa husikia amri kwa dakika moja, kisha hubaki peke yake njiani kwa nusu saa. Akumbuke alichoagizwa, ahesabu chenji, awaamkie wakubwa anaokutana nao, asishawishike na gololi zilezile za Piaget zinazochezwa chini ya mwembe. Akikuta duka limefungwa, hakuna wa kumwambia kama arudi au aende la pili. Kutii ni jambo linalofanyika machoni pa mkubwa. Kutumika hufanyika mbali na macho yake.

Ushahidi uliendelea kulundikana, mwingi wake kutoka magharibi mwa Kenya. Katika miaka ya 1950, Robert na Barbara LeVine waliishi miongoni mwa Wagusii, katika jamii iliyoitwa Nyansongo, ikiwa sehemu ya mradi uliolinganisha malezi katika jamii sita za dunia. Beatrice na John Whiting walipochapisha uchambuzi wa mwenendo wa watoto hao mwaka 1975, wale wa Nyansongo, waliozoea kulea wadogo zao na kufanya kazi za nyumbani, walionekana wepesi wa kusaidia na kubeba dhamana. Wale wa mji mmoja wa New England, Marekani, walielekea zaidi kutafuta msaada na kuangaliwa. Carol Ember naye, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1973, aliona kwamba wavulana wa Kijaluo waliopewa kazi za ndani, zilizodhaniwa za wasichana, hawakuwa na ukali wa wenzao.

Huko Kokwet, kwa Wakipsigis, Sara Harkness na Charles Super walikuta neno ng'om, nalo likitenganisha akili ya nyumbani na akili ya shuleni. Mwenye akili ya nyumbani huona kazi inayotakiwa, akaifanya kabla ya kuambiwa. Watafiti hao waliandika pia, mwaka 1977, kuhusu ugumu wa kuwapima watoto wa Kiafrika. Mtoto aliyefunzwa kuwasikiliza wakubwa na kutenda, wala si kujieleza mbele yao, hukaa kimya mtahini anapomtaka aseme. Kimya hicho, ambacho nyumbani ni adabu, kwenye karatasi huandikwa sufuri.

Serpell alilionyesha jambo hili kwa mikono ya watoto. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979, watoto wa Lusaka na wa Manchester walipewa maumbo ya kunakili. Kwa penseli na karatasi, Manchester ilishinda. Kwa waya, ambao wavulana wa Zambia huufanya magari ya kuchezea, Lusaka ilishinda. Kwa udongo wa mfinyanzi walikuwa sawasawa.

Nisieleweke kuwa nayasifu yote ya kale. Msichana aliyebebeshwa mdogo wake mgongoni mara nyingi ndiye aliyekosa darasa, na neno mtumwa halikuingia katika lugha yetu kwa bahati mbaya. Wapo waliotuma watoto wa wengine na kuwaita jamaa.

Hata hivyo, sisi tunaolea ughaibuni tunadhani kutumwa kumekwisha. Duka liko ng'ambo ya barabara kuu, jirani hatumjui jina, na mtoto wa miaka 8 haruhusiwi kwenda popote peke yake. Tunasahau kumtazama anapomsindikiza bibi yake hospitalini. Daktari anasema kwa Kiingereza, bibi anajibu kwa Kiswahili. Maneno ya daktari yana ukali wake, na bibi ana heshima yake. Mtoto wa miaka 11, aliyekaa katikati yao, ndiye anayeamua neno lipi lipite kama lilivyo na lipi lisubiri mpaka wafike nyumbani.