Kasri la Primate, Bratislava

Kasri la Primate ni jengo la mtindo wa neoklasiki katika Mji Mkongwe wa Bratislava, Slovakia. Lilijengwa kati ya 1778 na 1781 kwa ramani ya msanifu Melchior Hefele. Mwenyewe alikuwa Kadinali József Batthyány, askofu mkuu wa Esztergom na primate, yaani mkuu wa maaskofu wa Hungaria. Wakati huo Bratislava, iliyojulikana zaidi kwa jina la Pressburg, ndiyo iliyokuwa mji mkuu wa Ufalme wa Hungaria.

Kwa nje kasri ni tulivu: kuta za waridi lililofifia, nguzo zilizopangwa kwa vipimo sawa. Juu ya paa, hata hivyo, imesimama kofia kubwa ya kadinali, na kila apitaye uwanjani anajua nyumba hii ilikuwa ya nani.

Umaarufu wake umetokana na Ukumbi wa Vioo. Humo, tarehe 26 Desemba 1805, wiki chache baada ya Napoleon kushinda vita vya Austerlitz, Austria na Ufaransa zilitia saini Mkataba wa Pressburg. Austria ilipokonywa Venezia na Tirol, na mwaka uliofuata Dola Takatifu la Roma, lililodumu karne nyingi, likavunjwa. Aprili 1848 Mfalme Ferdinand alitia saini katika kasri hilohilo sheria zilizofuta utumwa wa wakulima kwa mabwana wa ardhi nchini Hungaria. Kwa wakulima wale, saini hiyo ilikuwa na uzito zaidi kuliko zile za mwaka 1805.

Hata hivyo, hazina inayostahili muda mrefu zaidi wa mgeni ni mazulia sita ya ukutani, yaliyofumwa katika karne ya 17 huko Mortlake, karibu na London. Yanasimulia mapenzi ya Hero na Leander, kijana aliyevuka mlangobahari kila usiku kwa kuogelea, akiongozwa na taa ya mpenzi wake, hadi dhoruba ilipomzamisha. Yalikuwa yamefichika nyuma ya ukuta. Yaligunduliwa mwaka 1903, baada ya halmashauri ya mji kununua jengo na kuanza kulikarabati. Ni vizuri kuyatazama kwa mpangilio wa hadithi, bila haraka.

Meya wa Bratislava ana ofisi zake humo hadi leo. Uani kuna chemchemi yenye sanamu ya Mtakatifu George akiliua joka.